Jiwe la Mpishi

"Usimwite mpishi mzembe hujapanda jiwe lake." Vijana wa chuo cha ualimu walilisikia neno hilo kwa Bibi Nakijwa, mwalimu mstaafu, pale walipokuwa wakimcheka mfagizi aliyeteleza kwenye ngazi za bweni. Kicheko kikakatika. Wakamuuliza methali hiyo ameitoa wapi, maana vitabuni mwao haimo. Bibi akavuta kiti, akawaambia si kila chenye busara kimeingia kitabuni, kisha akawasimulia ilivyozaliwa.

Huko milimani Upare kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana, na mkuu wake aliitwa Mwalimu Niwaeli. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa na haraka. Shule ilijengewa majiko mapya ya matofali, yasiyokula kuni nyingi, lakini fundi aliyapandisha juu mno. Mpishi akisimama chini, ukingo wa sufuria unamfika kifuani. Fundi aliahidi kurudi kujenga jukwaa la kusimamia, na kwa muda huo likaviringishwa jiwe kutoka mtoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jiwe lile halikupewa jembe wala halikurudishwa kwao. Likazoeleka.

Siku moja likacheza. Namkunda, mpishi mkuu, akaangukia sufuria iliyokuwa inatokota, mkono wake wa kulia ukazama hadi juu ya kiwiko. Akakimbizwa hospitali. Wasichana waliokuwa wakipita walisema kwamba kabla hajaanguka walimwona amegeuza uso, anatazama mlangoni. Basi maneno hayana miguu lakini hutembea: kufika jioni ikawa Namkunda alikuwa akipiga soga huku anasonga ugali.

Mzee Kiangi, mwenyekiti wa bodi ya shule, akamshauri Niwaeli aandike kuwa ni uzembe wa mpishi, mambo yaishe. Hilo halikuwa neno dogo. Anayeumia kazini ana haki ya kutibiwa, ya kulipwa huku anauguza, na ya kufidiwa kiungo chake kikiharibika. Lakini bodi ikishamwita Namkunda mzembe, angepewa pole ya sukari na kanga, kisha aage. Na Niwaeli, mtu wa haki, hakuona kosa hapo. Yeye mwenyewe alianza kusonga ugali kabla hajajua kusoma. Ugali ni ugali, alijiambia.

Asubuhi ya kikao cha bodi, maji yanachemka na unga uko tayari, Mrutu, mpishi wa pili, akakataa kupanda jiwe. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, Namkunda ndiye aliyenifundisha kazi hii," alisema. "Kama yeye ni mzembe, mimi mtaniitaje?"

Niwaeli akaona anachezewa. Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akachukua mwiko mrefu kama mpini wa jembe, akapanda.

Mwanzoni alitaka kucheka. Mrutu akamimina unga, naye akakoroga kama anavyokoroga nyumbani kwake. Kisha mvuke ukainuka. Miwani ikafunga ukungu, akaivua; macho yakawasha, akayafumba. Ugali ukaanza kukaza, ukaushika mwiko, ukawa unamvuta mbele yeye mzima mzima, na kila alipovuta mwiko kuja kwake, jiwe lilijibu chini ya nyayo kwa kutikisika. Akatazama chini, akaona ule mdomo mpana mweupe ukipumua na kurusha matone. Hofu aliyoipata hajawahi kuipata tena. Hapa, juu ya jiwe lenye utelezi wa uji, ndipo shule nzima iliposhibia. Wasichana waliosoma wakawa wauguzi, wakawa mahakimu, walipikiwa na mwanamke aliyesimama hapa kila siku ya Mungu, akashuka akawapakulia, na yeye Niwaeli akapita mlangoni akimsalimia tu, hamjambo hamjambo, akaenda zake.

Akaendelea kusonga, maana watoto wangekula nini? Alipozinduka, mikono yake ilikuwa ikifanya kazi lakini uso wake ulikuwa umegeuka. Ulikuwa unatazama mlangoni. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyepita. Pale mlangoni ndipo palipokuwa na hewa.

Ugali ulipoiva akashuka. Akaketi juu ya gunia la unga, akajifuta uso kwa kanga. Mrutu akampa maji, akayanywa.

Bodi ilipokutana, Mzee Kiangi akauliza kama taarifa iko tayari. Niwaeli akasema itakuwa tayari wakitoka jikoni, akatangulia, nao wakamfuata wakinong'onezana. Mzee Kiangi alipanda jiwe kwa mguu mmoja, likatikisika, akachungulia ndani ya sufuria, akaushusha mguu taratibu. Akavua kofia yake. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja neno uzembe. Taarifa ikaenda kwa wahusika wa fidia ikisema kweli tupu: kwamba Namkunda ameumia kazini, na kwamba shule ndiyo iliyomsimamisha juu ya jiwe. Jukwaa la saruji lenye kizuizi likajengwa kabla moto haujawashwa tena, na siku zile wasichana walikula mihogo ya kuchemsha iliyopikwa uani.

Niwaeli akaenda hospitali peke yake. Namkunda alikuwa amelala, mkono umefungwa hadi begani. Alipomwona mkuu wake akajaribu kuinuka, akaanza yale maneno aliyoyarudia kwa kila aliyekuja kumwona.

"Mwalimu, nakuapia, sikuwa napiga soga."

"Najua, mdogo wangu," Niwaeli akasema. "Nimepanda jiwe lako."

Namkunda hakuwa amelia alipoungua, wala alipobadilishwa bandeji. Sasa akalia, akalia kwa sauti, na Niwaeli akakaa ukingoni mwa kitanda akilia naye, ameushika ule mkono mzima. Wauguzi waliokuwa wodini walisimama wakawatazama. Wao ndio waliolibeba neno hilo wakalitoa nje, likashuka milima, likawafikia hata watu wasiowahi kuiona shule ile: usimwite mpishi mzembe hujapanda jiwe lake.