Jumamosi Kumi na Moja za Wawuda

Nyumbani, Jumamosi ya kumi na moja, walikuwepo Bi. Mkamburi, mwenye nyumba; Wawuda, bintiye wa pekee; Mwadime, kaka yake Wawuda; na paka, ambaye hakuwa na jina. Nawataja mmoja mmoja, ndugu zangu, maana mfano huu ni wa majina.

Wawuda alifanya kazi maabara. Mnajua kuna ugonjwa wa wazee ambapo protini huganda ubongoni, ikawa sumu, na seli za neva zikafa. Wenzake walikuwa wakijaribu kemikali moja ndogo sana, isiyo na jina bado, namba tu. Haikuondoa ile sumu. Ilikaa na seli, ikaikinga, nayo ikaishi. Lakini ilikuwa ingali ndani ya vyombo vya kioo, na mama yake alikuwa tayari anasahau.

Basi kila Jumamosi Wawuda alifika na daftari.

“Mama, mimi ni nani?”

“Wewe? Wewe ni mama.”

“Hapana. Mimi ni Wawuda.” Akaandika alama ya kosa. Bi. Mkamburi akatazama chini, kama mtu aliyemwaga kitu.

Mwadime akacheka. “Profesa, umempa mama sifuri tena? Hebu niambie, hilo jina Wawuda ulilinunua dukani?”

“Ni la bibi, mzaa mama.”

“Haya. Ulipokuwa unanyonya, mama alikuita nani? ‘Mama, njoo unyonye.’ Wawuda ulianza kuitwa shuleni, kwa ajili ya rejista.”

Wawuda akafungua daftari. Jumamosi kumi na moja, makosa kumi na moja, na majibu yote yalikuwa sahihi. Mama yake hakuwa amempoteza hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata hakuja na daftari.

“Mama, umechelewa,” Bi. Mkamburi alisema.

“Nimefika, mwanangu.”

Bi. Mkamburi akacheka, akamshika mkono, hakuuachia mpaka uji ukapoa.

Na sisi je? Wazee wetu wakitujibu, tunawasikiliza au tunawasahihisha? Tuiombee dawa ile ipate jina, iwafikie watu. Lakini kumbukeni inavyofanya kazi: sumu ingalipo, lakini dawa inakaa na seli. Kukaa na mtu hatuhitaji kibali cha maabara. Tunaweza kuanza leo, tukitoka hapa.

Bi. Mkamburi alifariki Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi.