Pete ya Nambari Izungukayo

Wapokezi wa khabari za kale wamesimulia, na Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba mji wa Kahramani ulitawaliwa na Sultani Ghadhanfari, mtu wa enzi kubwa na subira ndogo, naye alivaa pete iliyochorwa tarakimu sita, 142857, na ndani yake amefungwa jini Karnasi. Jini huyo aliapa kumtumikia mwenye pete maadamu nambari ile inazunguka, na siku itakayosimama, ataumeza mji na watu wake.

Sultani akamposa Ruzuna, msoma hesabu wa baraza lake, na kwa desturi ya Kahramani mahari ni vitu saba, kikipungua kimoja ndoa ni batili. Ruzuna hakumtaka, lakini mwenye nguvu mpishe, na baba yake alikwishatiwa gerezani.

Sultani akamwamuru aisome pete, maana kila hesabu mpya ya nambari ile ilimfanya jini alete kitu kimoja cha mahari. Siku ya kwanza Ruzuna akaisoma nambari ilivyo, na jini akaleta taji. Siku ya pili akaizidisha mara mbili, ikatoka 285714. Kisha mara tatu, 428571. Na hivyo hivyo hadi mara sita, 857142, na kila mara jini akaleta kitu. Tarakimu zilikuwa zile zile, ila aliyetangulia ndiye aliyebadilika, kama walaji waliozunguka sinia moja. Ruzuna akaijaribu ya saba kwa siri kwenye ubao wake wa mchanga, na alipoona jibu akalifuta upesi.

"Bwana wangu, Mola akuzidishie umri," akasema, "mara saba zitatoka tisa tupu, tarakimu sita zote sawa, na hapatakuwa na cha kuzunguka. Jini atafunguka. Nakusihi uridhike na sita."

"Sultani haoi kwa mahari pungufu," akajibu. "Zidisha, au kichwa cha baba yako kitangulie."

Na mzee akaletwa, na upanga ukawekwa shingoni mwake. Ruzuna akauogopea mji, lakini akamwogopea baba yake zaidi, akazidisha.

Pete ikasomeka 999999. Karnasi akasimama, kichwa kikatoboa dari, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa barazani.

"Nianze na nani?" akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliotisha zaidi.

Sultani akamnyooshea Ruzuna kidole.

Binti, kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya alilolifanya kila siku, akaendea nambari inayofuata. Mara nane. Ikatoka 1142856, na ile moja ya mbele imezidi. Akaiondoa mbele, akaijumlisha na sita ya mwisho, ikawa saba, na tazama, 142857.

"Ingali inazunguka, Karnasi," akasema kwa sauti nyembamba. "Ila sharti wa mbele arudi nyuma."

Zile tisa zikageuka peteni. Jini akanguruma hadi vigae vikaanguka, kisha akainama, maana kiapo ni kiapo.

"Na hapa wa mbele ni nani?"

Baraza zima likamtazama Sultani, wala hakuna aliyemwombea. Jini akamnyanyua kwa ukosi wa joho, akampitisha juu ya mawaziri na askari na waombaji, akamweka nje ya lango, nyuma ya mtu wa mwisho. Pete ilikuwa imemchomoka aliponyanyuliwa, ikaanguka miguuni pa Ruzuna, na jini akaingia ndani yake.

Ruzuna akaivaa pete, akamfungua baba yake, akatawazwa, akaibadili desturi ya mahari, akaolewa na mchonga milango aliyempenda, kwa mahari ya vitu sita, wakaishi kwa neema na watoto. Lakini hakuna aliyepata tena kumsikia akitamka saba. Mtaka yote hukosa yote, walisema watu wa Kahramani, nao walisema kwa sauti ya chini, maana pete ilikuwa ingali kidoleni mwake, na aliyemo ndani alikuwa akisikia.