Koti la Dereva wa Greda

Hapo zamani, ila mabati yalikwishakuwapo, Bi Tulinagwe wa Kitulo aliishi katika karavani, nyumba ya magurudumu inayokokotwa na lori. Mumewe alikuwa dereva wa greda, mtambo wa kuchonga barabara. Alipokufa alimwachia karavani hiyo na koti zito la kazini. Chini ya karavani palikuwa wazi. Upepo ukapita humo, maji yakaganda bombani, na panya wakapanda mpaka kitandani, wakajilalia miguuni pa mama kama wajukuu.

Ukoo ukasema, "Baridi ya Julai ikikukuta hivi, tunakuteremsha Kyela kwenye joto."

"Kaburi la mume wangu liko hatua kumi kutoka mlangoni," mama akajibu. "Siendi." Akawaita wanawe watatu. "Atakayeiokoa nyumba hii, koti la baba yenu ni lake."

Lutengano, kifunguamimba, akaja na mabati. Akaizungushia karavani yote kwa chini, akayafukia shubiri moja udongoni. Upepo ukakoma. Mama akapata joto. Panya nao wakapata joto, maana walifungiwa humohumo. Wakazaa.

Subilaga, binti wa kati, akafungua bati moja, akajipenyeza, akajifungia. Siku mbili alilala chali juu ya mavi ya panya, akiziba kila tundu la sakafu kwa waya za kusugulia masufuria. Panya hawakupanda tena. Wakabaki chini, wakaguguna bomba la maji.

Ambilikile, kitindamimba, akaja mikono mitupu. Akang'oa bati moja, akamwaga pumba za mahindi nje, akakaa juu ya kigoda. Siku ya kwanza upepo ukaingia, panya wakachungulia. Siku ya pili upepo ukaingia, panya wakatoka kula. Siku ya tatu upepo ukaingia, panya wakahama wote. Akaunga bomba, akarudisha bati. Mama akaanza kukohoa.

Julai ikafika, majani yakawa meupe kwa barafu. Wazee wa ukoo wakaja, wakavua viatu, wakapapasa sakafu kwa nyayo, wakaikuta ina joto. Wakaondoka bila mama.

"Koti ni langu," akasema Lutengano. "Joto hilo limeletwa na mabati yangu."

"Kaka, joto lako lilikula sahani moja na panya," akasema Subilaga. "Mimi ndiye niliyewashusha kitandani kwa mama. Tazama mikono yangu ilivyochanwa na waya."

"Ninyi mliwafungia wezi ndani, mkasifu kufuli," akasema Ambilikile. "Mimi niliwatoa."

"Na kikohozi cha mama?" akauliza dada yake.



Mimi msimulizi nampenda Subilaga, sifichi. Lakini kupenda si kuhukumu.

Mama akalitungua koti msumarini, akalipakata. Akakohoa, akakohoa tena.

Haya, ninyi mnaopenda kuamua mambo ya watu: koti ni moja, mikono iliyonyooshwa ni ya watu watatu, na anayekohoa ni wa nne. Je, nani alistahili?