Mkunga wa Bwana Papa

Hapo zamani za kale, chini kabisa baharini, shimoni ambako jua halijapata kupiga hodi, aliishi samaki mdogo aitwaye Ndevumbili. Mwili wake ulikuwa laini kama uji uliopoa, na macho yake madogo kama punje za mtama. Kidevuni yalining'inia mapezi mawili membamba kama nyuzi. Kwa hayo alipapasa tope, papasa, papasa, akitafuta minyoo. Kwa wembamba wake majirani walimwita Mkunga, kama yule samaki mrefu afananaye na nyoka. Naye hakuwa mkunga wa namna yoyote.

Siku moja alikuwa akipapasa, mara, bwaa! Akagandamizwa topeni.

"Nimekupata, Mkunga!" akanguruma Bwana Papa. "Leo wewe ndiwe kitoweo!"

Mara ikasikika sauti kutoka pangoni mwa Papa:

"Uwii! Mume wangu, uchungu umeanza!"

"Haya, nile!" Ndevumbili akasema. "Ila ukishamla mkunga, mkeo atazalishwa na nani?"

Papa akashtuka. "Kumbe wewe ni mkunga wa kuzalisha?"

"Si umeniita mwenyewe?"

"Mbona una ndevu?"

"Ndevu? Hii ndiyo mikono yangu, bwana! Nisipopapasa, nitajuaje mtoto amelalaje, na giza lote hili?"

"Uwiii!"

"Mbio, Bwana Papa! Lete maji ya moto! Kule kwenye ufa wa mwamba, yanakotoka yakichemka! Na mwanamume asirudi hapa mpaka aitwe!"

Fyuuu! Papa akatoweka.

Bibi Papa akachungulia. "We Ndevumbili! Tangu lini ukawa mkunga?"

"Tangu sasa hivi, mama. Nisitiri!"

Bibi Papa akacheka, akacheka, mpaka, chubwi! chubwi! watoto wawili wakatoka wenyewe na kuogelea papo hapo, kama wazaliwavyo watoto wa papa.

"Nenda zako upesi," akasema huku akihema, "kabla hajakupeleka ukawazalishe na dada zake!"

Kutoka mbali wakasikia, "Chwaaa! Yalaa! Pua yangu!"

Ndevumbili hakungoja kuulizwa hali ya mzazi. Alijipinda, akajinyoosha, akapotelea gizani, huyoo!

Basi, watoto, ukimpa mtu jina lisilo lake, usishangae akikudanganya nalo.