Matumbawe Yaliyosuguliwa Mno

Yuko mama mmoja wa pwani, jina lake tuliache, kazi yake ilikuwa kulima matumbawe.

Msicheke. Wako watu wanaolima baharini. Wanakata vipande vya matumbawe yaliyo hai, wanavifunga kwenye meza ya chuma chini ya maji, na vikikua wanavipandikiza kwenye mwamba uliokufa ili samaki warudi. Mwamba wa mbele ya kijiji chake ulishakufa, nyavu zinarudi tupu, na tumaini lake lote lilikuwa kwenye meza ile moja.

Basi mama huyu hatulii. Bahari ikipwa tu, huyo, mswaki mkononi. Wenzake husugua mwani unaoyasonga matumbawe, kisha huondoka. Yeye anasugua mpaka ute wa asili unaoyafunika, akirudi nyumbani hajakauka nguo anawaza kama kuna pembe ameisahau. Meza yake akaihamishia kwenye mchanga mtupu, mbali na za wenzake, eti zisiiambukize.

Jirani yake naye alikuwa na meza ya ajabu. Amechanganya kila kitu, hata matumbawe mabaya mabaya ya dimbwini, kule ambako maji huchemka kila kiangazi. Siku moja akamletea kipande ndani ya ndoo ya maji.

"Shoga, liweke hili katikati ya yako," akamwambia. "Limeshapigwa na joto, likabaki hai."

Mama akakataa. Alisema hakuutesa mgongo wake miezi yote hiyo ili aje aingize uchafu wa watu mezani kwake. Jirani akabeba ndoo yake akaenda zake.

Ndugu zangu, joto likaja. Mama anashuka pwani, anatia mguu majini, anarudi, hajaketi anashuka tena. Matumbawe yake yakaanza kupauka nchani, yakapauka yote, yakawa meupe kama unga wa muhogo. Ya jirani? Yalififia kidogo, yakasimama.

Alilia, akaona wivu, na wivu ule ukamchoma kuliko hasara yenyewe. Akaenda kwa mtaalamu wa bahari, akitaka aambiwe kwamba mbegu ilikuwa mbovu. Mtaalamu akamweleza kwamba ule ute aliokuwa akiusugua ndio makao ya bakteria wanaoishi na tumbawe na kulisaidia. Bakteria akiwa na jeni ya kustahimili joto, yaani kipande cha maagizo ya uhai wake, anaweza kutoa nakala akampa aliye kando yake. Si lazima awe mzao wake, wala si lazima awe wa jamii yake. Na akishatoa, kwake hakipungui kitu.

"Kwa hiyo nimeyaua kwa usafi?" mama akauliza.

"Uliyatenga, mama. Joto lilipokuja, hapakuwa na wa kuyapa kitu."

Akatoka pale moja kwa moja hadi kwa jirani, akaomba kipande. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kumtazama. Alipewa, akaanza upya.

Sasa nyinyi mnaotikisa vichwa kumsikitikia, mnamsikitikia nani? Kidudu kisicho na macho wala akili kinampa jirani kilichokiokoa. Sisi je? Wewe uliyeacha pombe, umemwonyesha nani njia uliyopita? Wewe uliyetoka kwenye ndoa ya kipigo ukiwa mzima, umemwambia nani? Tumejisugua, tumevaa nguo za Jumapili, kila mtu na benchi lake, na kilichotuokoa tumekifungia ndani, labda tuwaachie wanetu. Asiye mwanetu afe na joto lake.

Humu ndani yuko mama aliyezika mtoto mwezi uliopita. Tulimpelekea mchele, tukamwambia pole, tukarudi makwetu. Na humu humu wako waliozika watoto wao, wanajua mtu anafanyaje ili aamke asubuhi inayofuata na kuwasha moto. Hawajamwambia neno. Mimi mwenyewe sijamwambia, na mimi nilizika.

Amekaa benchi la nyuma, peke yake. Wimbo wa kufunga tutaimbia huko. Mimi nashuka, anayejua na anifuate.