Swichi za Pikipiki ya Mwinjilisti

Kulikuwa na mama mmoja. Wa kwanza kumweleza habari za pikipiki ya mumewe alikuwa Mama Tumwisege, muuza vitumbua wa njia panda. Huu ni mfano tu, akina mama, lakini humu kanisani kuna mtu utamchoma.

Mume wa yule mama alikuwa mwinjilisti. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari ndefu, ile yenye masanduku mawili ubavuni, akibeba humo Biblia, vitabu vya nyimbo na nguo za kubadili anapokwenda mitaa ya mbali. Siku za kawaida alimpakia binti yao mdogo mbele, juu ya tangi, akampeleka chekechea iliyo nyuma ya kanisa.

"Mama Subi," Mama Tumwisege alimwambia siku hiyo, mikono bado ina unga, "mimi si mmbeya. Lakini leo lori la wageni nusura liwasage mumeo na mtoto. Mumeo anakata kulia kuingia kanisani, taa inayowaka ni ya kushoto. Dereva kaona kushoto, akapita kulia. Mtoto kapiga yowe mpaka vitumbua vyangu vikaungua."

"Taa ya kushoto? Kwa nini?"

"Weee! Kwani hujui? Swichi zake ni mbovu siku nyingi. Yeye akibonyeza kulia, pikipiki inasema kushoto. Akipiga honi, taa kubwa inazimika. Sisi tumeshazoea. Tukiona kushoto, tunajua ni kulia."

Yule mama akageuka, akarudi nyumbani. Kijiji kizima kinajua, isipokuwa yeye aliyemzaa huyo mtoto!

Mumewe aliporudi, akamuuliza. Mwinjilisti alikuwa anakula, hakuinua hata uso.

"Watu wa hapa wananijua."

"Na asiyekujua, Baba Subi?"

"Asiyenijua aende polepole."

"Mtoto akifa je?"

"Usimtabirie mtoto mabaya mezani kwangu." Akanawa mikono, akaomba maji ya kunywa.

Basi mwinjilisti alipoondoka kwa basi kwenda semina, yule mama akamwita fundi. Fundi akafungua skrubu za usukani, akabandua utepe mweusi uliozungushwa juu ya utepe mwingine. Ndani, waya zilikuwa zimeungwa ovyo, nyekundu kwa kijani, kijani kwa njano.

"Mama," akasema fundi, "huyu aliyeunga hapa alikuwa amefumba macho anaomba, au?"

Akazitoa swichi zote mbili, ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, akafunga mpya, kila waya kwa mwenzake. Kisha akamwambia yule mama apande, abonyeze mwenyewe. Akabonyeza kulia, ikawaka ya kulia. Akapiga honi, honi ikalia na taa kubwa ikabaki inawaka. Ni kitu kidogo, lakini machozi yalimlengalenga. Zile kuukuu fundi aliziacha kwenye mfuko, dirishani.

Mwinjilisti aliporudi na kuambiwa, aliguna tu. Kesho yake akaenda kanisani peke yake. Pale njia panda akabonyeza kulia, taa ya kulia ikawaka. Nyuma yake alikuja mwimbaji wa kwaya na bodaboda yake. Mwimbaji akaiona ya kulia, na kwa kuwa ni mtu wa hapa, akajua kwamba hiyo ni kushoto. Akapita kulia.

Hawakufa. Mwimbaji alichunika magoti, masanduku yakapasuka, vitabu vya nyimbo vikatapakaa barabarani. Sasa niambieni, uani kwa nani walikwenda kufoka?

"Umetaka kuniua!" mwimbaji alimfokea yule mama, damu inamtiririka mguuni. "Taa ya kulia ni ya kushoto! Hata mtoto mdogo anajua!"

"Nani alikutuma kugusa kisichokuwasha?" akauliza mzee wa kanisa.

Hata Mama Tumwisege akatazama chini. "Si ungetuambia kwanza, mwenzangu. Tulikuwa tumezoea."

Mwinjilisti akasema, "Kesho asubuhi fundi anarudisha swichi zangu za zamani."

Nao wote wakaitikia, "Amina."

Amina, ndugu zangu! Amina ya nini? Msiniambie angewatangazia kwanza. Kijiji kizima kilijua, nani alimtangazia yeye, mpaka lori lilipotaka kumla mwanawe?

Tunacheka kwa sababu si pikipiki yetu. Lakini sisi tunamjua baba ambaye akisema yuko kwenye kikao yuko kilabuni, na tunamwandalia chakula cha kikao. Tunamjua yule ambaye binti hatakiwi kuachwa naye peke yake. Tunamjua kwa jina na kwa benchi analokalia! Tunafanya nini? Tunawafundisha binti zetu wapite njia nyingine. Basi. Tukishawafundisha hivyo, tunaita hiyo amani ya kanisa. Na binti mgeni aliyekuja juzi kulea mtoto wa mtu, yeye atajuaje kwamba hapa kulia ni kushoto? Yeye ndiye atakayesagwa. Halafu tutapika, tutalia, tutasema ni mapenzi ya Mungu. Uongo! Mungu hakuunga zile waya.

Na siku mwanamke mmoja akinyoosha jambo, vumbi likatimka, tunamkimbilia yeye. Mvunja nyumba. Mchochezi. Kosa lake ni nini? Ameharibu mazoea yetu. Tumeishi na ubovu mpaka uzima unatuumiza magoti, na badala ya kujifunza upya kulia ni wapi, tunaita fundi arudishe ubovu.

Mnataka kujua yule mama alifanyaje? Alikuwa mpole, hakuwa na maneno mengi mbele za watu. Lakini kesho yake asubuhi, kabla jirani yeyote hajawasha moto, alizitoa zile swichi kuukuu mfukoni, akazitia kinuni, akashika mchi, akatwanga. Mumewe alitoka ndani akiuliza anatwanga nini mapema hivyo. Akaendelea kutwanga. Fundi alipofika na bisibisi yake, alimkuta anapeta chenga za plastiki. Akamnyooshea ungo.

"Haya, fundi," akasema. "Zirudishe."