Jina Moja kwenye Mkeka

Kaeni vizuri, maana hadithi hii nikimaliza kuisema inabaki mikononi mwenu.

Mjini Tanga palikuwa na watu watatu waliotengeneza jarida liitwalo Sebule. Hoza Semkiwa alikuwa na mkono wa kuchora herufi. Akipita mbele ya kibao cha duka, haoni jina la duka, anaona tumbo la b na mkia wa g. Anjelina Mhina alikuwa na jicho la kupanga kurasa. Alijua picha ikae wapi na maneno yaishie wapi. Mzee Shundi, mpiga chapa, kipaji chake kilikuwa vidoleni: alishika karatasi mara moja tu akajua kama itaupokea wino au itaukataa. Mhariri wao alikuwa Zuhra Singano, na mzigo wa hadithi hii ulimwangukia yeye.

Sebule ilikuwa inapoteza wasomaji. Wengi walikuwa watu wazima walioanza nayo tangu ujana, na barua zao zilisema jambo moja: habari ni nzuri, ila macho yanachoka. Zuhra akawaita wote watatu, akawaomba watengeneze jarida ambalo mtu wa macho hafifu angelisoma bila kuomba msaada.

Hoza alianza na herufi. Aliwaonyesha kwamba Kiswahili kimejaa a kila mahali, na a waliyokuwa wakiitumia ilikuwa imejifunga hata ikafanana na o. Mtu anaandikiwa "kaka", anaona "koko". Kwa miezi minne Hoza alichora herufi upya, moja moja. Akaifungua a, akairefusha shingo ya h isidhaniwe kuwa n.

Anjelina akazipokea, akasema hazitafaa kitu zikisongamana. Mistari ilikuwa mirefu mno. Jicho likifika mwisho linapotea njia ya kurudi, linasoma mstari uleule mara mbili. Akaugawa ukurasa safu mbili nyembamba, akaacha weupe kati ya mistari na pembeni. Weupe ule ulidai maneno yapungue. Alipunguza hapa na pale, mwisho akamwendea Zuhra.

"Dada, sina tena cha kuondoa. Imebaki makala yako."

Zuhra alikuwa ameiandika makala hiyo kila toleo kwa miaka kumi na mmoja. Aliutazama ukurasa mpya kwa muda, akahisi jinsi ulivyompumzisha macho, akasema iondoke.

Mzee Shundi naye alichapa kurasa chache za majaribio kwenye karatasi waliyoizoea, ile ya kung'aa, akazisogeza dirishani, akagoma kuendelea. Mwanga ulikuwa ukidunda juu ya karatasi na kuyafuta maneno. Alizunguka mji mzima mpaka akapata karatasi isiyong'aa, nene kiasi cha kuzuia maneno ya upande wa pili yasipenye. Siku ya kuchapa aliisimamisha mashine kila baada ya nakala mia, akiukagua wino. Ukizidi, tumbo la a linajaa. Ukipungua, maneno yanakuwa kivuli.

Jarida likatoka. Wiki tatu baadaye ikaja barua kutoka Pangani, ya mwandiko mkubwa uliopinda. Aliyeiandika ni Bi Mwanahawa Mbaruku, mwalimu mstaafu. Kwa miaka sita alikuwa akisomewa Sebule na jirani yake, na jirani huyo aliruka kila sehemu iliyomchosha. Zuhra aliwasomea wenzake kwa sauti:

"Juzi nilikaa mlangoni, nikausoma ukurasa wa tisa mwenyewe, tangu juu hadi chini. Nilipomaliza nikauanza tena. Kuna mtu amenirudishia kusoma. Ninamsukia mkeka, na mikeka yangu huwa naisuka na jina la mwenyewe ndani. Nimeacha nafasi ya jina moja. Msiniambie ni ofisi nzima, ofisi hailali kwenye mkeka. Niambieni ni nani."

Hoza ndiye aliyesema kwanza, bila kujisifu, kwamba alichokisoma Bi Mwanahawa ni herufi. Anjelina akauliza angezisomaje zikiwa zimebanana.

"Wanangu," akasema Mzee Shundi, "ningeikubali ile karatasi ya kung'aa, barua hii isingekuja."

Zuhra alitaka kutenda haki. Akamwomba Mzee Shundi auchape ukurasa wa tisa mara tatu: mmoja kwa herufi za zamani, mmoja kwa mpangilio wa zamani, mmoja kwenye karatasi ya zamani, mengine yote yakibaki mapya. Akazituma Pangani, akingoja kuona ni upi kati ya hizo tatu Bi Mwanahawa angeweza kuusoma.

Jibu lilikuwa fupi. "Zote tatu zimenishinda. Ukili wangu wa kusukia mkeka unakauka, mwanangu. Nipe jina."

Zuhra akaketi na karatasi tupu mbele yake. Anjelina alipopita akasimama mezani pake. "Wewe nawe uliiondoa makala yako," akamwambia. "Bila nafasi ile nisingefanya kitu. Ukiandika jina lako, mimi sitanung'unika."

Zuhra hakuwa amelifikiria hilo, na tangu aliposikia hakuweza kuacha kulifikiria. Aliona haya kwa kulitaka. Akaitazama kalamu, akamwazia mama yule kule Pangani, ukili mapajani na pengo katikati ya mkeka, lenye upana wa jina moja.

Basi mliosikia, mmewasikia wote: aliyeifungua herufi, aliyeipa nafasi ya kupumua, aliyeipatia karatasi ya kukaa, na aliyeyaondoa maneno yake mwenyewe. Bi Mwanahawa anangoja. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandikia jina la nani?